Mdudu mdogo wa mtoni: spishi mpya hutambuliwaje, na inahusu nini afya ya mito?

Mwaka wa 2021, wanasayansi nchini Kosovo, kusini mashariki mwa Ulaya, walitangaza spishi mpya ya mdudu anayekulia majini. Waliipa jina Potamophylax coronavirus. Sampuli zake zilikuwa zimekusanywa miaka kadhaa awali, karibu na mto Lumbardhi i Deçanit katika milima ya Bjeshkët e Nemuna, lakini utafiti ulikamilika wakati wa janga la korona.

Ni mdudu wa aina gani?

Ni wa kundi ambalo wataalamu huliita Trikoptera. Mdudu mzima hufanana na nondo mdogo. Mabawa yake yana vinywele, na akitua huyakunja mgongoni kama paa la nyumba. Kabla ya hapo huishi majini akiwa buu. Mabuu wa spishi nyingi hutoa uzi kama hariri, wakaunganisha mchanga, vijiti au vipande vya majani kuwa mfuko wa kujikinga. Wadudu wa kundi hili wanapatikana pia katika mito ya Kenya. Ukigeuza jiwe kwenye kijito safi, huenda ukaona mifuko hiyo ikisogea polepole.

Spishi mpya huthibitishwaje?

Kumpata mdudu asiyefahamika hakutoshi. Wadudu wazima hunaswa kwa wavu, au kwa taa usiku, kisha huhifadhiwa katika alkoholi. Mtaalamu huwachunguza kwa hadubini, hasa viungo vya uzazi vya dume, kwa kuwa spishi zinazofanana kwa rangi na ukubwa mara nyingi hutofautiana hapo. Huwalinganisha na spishi zilizokwisha kuelezwa, na siku hizi DNA pia hupimwa. Sampuli moja huteuliwa kuwa kielelezo na kuhifadhiwa, ili yeyote mwenye shaka aweze kuikagua. Mwisho, maelezo na jina huchapishwa katika jarida la kisayansi.

Kwa nini jina la korona?

Watafiti walikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ni wakati wenyewe wa janga. Ya pili ni kwamba waliona janga jingine, lisilopigiwa kelele, likiangamiza viumbe wa mito ya Kosovo: uchafuzi, uharibifu wa makazi yao na mitambo ya umeme wa maji isiyosimamiwa vizuri. Eneo alikopatikana mdudu huyu lilikuwa tayari limeathiriwa na ujenzi wa mtambo kama huo. Kwa hivyo alipata jina wakati makao yake yalikuwa yakiharibiwa.

Yanawahusu vipi wakazi?

Mabuu wengi wa kundi hili huhitaji maji yenye oksijeni ya kutosha. Maji taka, matope na kemikali za shambani zikizidi, aina nyingi hutoweka, zikabaki chache zinazostahimili uchafu. Ndiyo maana wataalamu wa maji huhesabu wadudu wa mtoni pamoja na kupima kemikali. Kipimo cha kemikali huonyesha hali ya maji siku yalipochotwa, lakini wadudu huonyesha yaliyoupata mto kwa wiki au miezi. Hata hivyo, kuwepo kwa mabuu si kibali cha kunywa maji hayo bila kuyachemsha au kuyatibu.

Wakazi wanaweza kusaidia kwa njia hizi:

• Kuacha miti na nyasi za kingo za mto zikue, na kutolima hadi ukingoni.

• Kutoosha magari wala pampu za dawa za mimea mtoni.

• Kujiunga na chama cha watumiaji wa maji cha eneo lao.

• Kuhudhuria vikao vya ushirikishwaji wa umma mradi wa mtoni unapopendekezwa, na kuuliza kama tathmini ya athari kwa mazingira imechunguza viumbe wa majini.

Swali hilo huwa na faida likiulizwa kabla ya ujenzi kuanza, kwani spishi isiyojulikana haiwezi kuorodheshwa wala kulindwa.