Mashine ya Pumzi Yanguruma, Mbona Wasinzia Mchana?

Ndugu mkulima, ukinyunyizia viazi dawa na ugonjwa usipungue, huitupi pampu yako ya mgongoni papo hapo. Kwanza hutazama kama mpira umetoboka, au chujio limeziba, au dawa inavuja njiani kabla ya kufika kwenye majani. Pampu yaweza kusukuma siku nzima, na majani yasipate kitu.

Mambo ni hayo hayo kwa mashine ya pumzi, ambayo baadhi ya wakulima wamepewa hospitalini kwa sababu ya ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini. Mwenye ugonjwa huu akilala, koo lake huziba, na pumzi husimama kwa sekunde 10 au zaidi, tena na tena usiku kucha. Kila mara mwili hushtuka ili apate hewa, naye hajui kwamba aliamka. Asubuhi huondoka kitandani amechoka kama mtu aliyelima usiku.

Mwaka 1981 daktari Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia, walitangaza njia ya kupuliza hewa puani ili koo likae wazi. Mashine za leo zatumia njia hiyo. Lakini fahamu vizuri: mashine haiondoi ugonjwa. Huuzuia kwa saa zile tu unazoivaa. Basi, ikiwa ulipata nafuu na sasa uchovu umerudi, usiseme, "Ni uzee," wala usiifungie mashine kabatini. Tafuta kasoro kwa utaratibu huu.

1. Hesabu saa zako. Mtu mzima ahitaji kulala saa 7 au zaidi. Ukilala saa tano za usiku na kuamka saa kumi alfajiri kukamua, umepata saa 5 tu, na mashine haiwezi kukuongezea zilizobaki. Tena wako wanaoivua usiku wa manane bila kujua. Usingizi wa ndoto huwa mwingi karibu na alfajiri, na wengi hukatika pumzi zaidi wakati huo. Kumbuka pia usiku ambao stima hupotea. Kama hupotea mara kwa mara, muulize fundi au daktari habari ya betri inayofaa mashine yako.

2. Tafuta mahali hewa inapovuja. Maski ina matundu madogo ya kutolea pumzi. Hayo usiyazibe kamwe. Lakini hewa ikipuliza machoni au mashavuni, hiyo imepotea. Ukingo wa maski huchakaa na mikanda hulegea. Ndevu zilizoota na mafuta ya kujipaka huzuia maski kushika vizuri. Nawa uso kabla ya kulala, na osha ukingo kila siku kwa maji na sabuni laini. Usikaze mikanda hadi uso uume. Kukaza mno huongeza kuvuja. Ukiamka kinywa kikavu sana, huenda hewa yatokea mdomoni. Mweleze daktari, kwani ziko maski za namna nyingine.

3. Tazama chujio na mpira. Vumbi la barabara, moshi wa jiko na unga wa chakula cha mifugo huziba chujio upesi. Likiwa jeusi au limejaa vumbi, libadilishe. Uchunguze mpira kama una ufa. Katika sehemu za baridi kama Kinangop na Ol Kalou, ikiwa mashine yako ina chombo cha maji, mvuke waweza kugeuka maji ndani ya mpira, nawe ukasikia mlio wa maji. Weka mashine chini kuliko kichwa chako, na uuvike mpira kitambaa. Mashine yenyewe usiifunike.

4. Jiulize ni nini kilichobadilika. Je, umenenepa? Huenda nguvu ya hewa uliyopimiwa zamani haitoshi sasa. Usiibadilishe mwenyewe, rudi upimwe. Je, umeanza kunywa pombe jioni, au dawa za usingizi? Vitu hivyo vyaweza kulegeza koo. Je, pua imeziba kwa mafua? Muulize pia mwenzako wa nyumbani, maana yeye husikia usiyoyasikia. Akisema umeanza kukoroma ukiwa umevaa maski, hiyo ni habari kubwa.

5. Peleka mashine kwa daktari. Mashine nyingi huweka hesabu ya saa ulizotumia, hewa iliyovuja, na mara ngapi pumzi ilikatika kwa kila saa. Kwa kawaida daktari hutaka hesabu hiyo ya mwisho iwe chini ya 5. Ikiwa yote ni sawa na bado wasinzia, mwombe atafute sababu nyingine: upungufu wa damu, kisukari, ugonjwa wa tezi ya shingo, huzuni ya muda mrefu, au dawa unazotumia kwa ugonjwa mwingine. Dawa hizo usiache kuzinywa bila shauri lake.

Jambo la mwisho ni kubwa kuliko yote. Mpaka kasoro ipatikane, usiendeshe trekta wala pikipiki ukiwa na usingizi, na kazi ya mashine ya kukatia majani ya ng'ombe mwachie mtu mwingine. Kusinzia kwa sekunde chache kwatosha kupoteza mkono, au kuua mtoto wa jirani barabarani.

Leo jioni, kabla hujazima taa, shika maski yako mkononi na uitazame ukingo wake, mikanda yake na mpira wake. Kazi hiyo ni ya dakika 5 tu.