Jengo la zamani likiungua, nani anajua vipimo vyake?

Tarehe 15 Aprili 2019 wengi wetu tuliona kwenye telefone moto ukikula paa la kanisa kubwa la Notre-Dame, kule Paris. Mbele ya moto, watu karibu milioni 12 walikuwa wanalitembelea kila mwaka. Tarehe 8 Desemba 2024 misa ikasomwa tena ndani. Namna gani mafundi waliweza kurudisha jengo la miaka zaidi ya 800 vile lilikuwa?

Jibu ni kwamba lilikuwa limepimwa. Karibu mwaka 2010, mwalimu wa chuo kikuu kutoka Marekani, Andrew Tallon, alizunguka ndani na inje na mashini ya lazeri. Mashini hiyo inatupa mwali kwenye ukuta, mwali unarudi, nayo inahesabu umbali. Aliiweka fasi zaidi ya 50, akapata nukta zaidi ya bilioni moja. Ukizikusanya kwenye kompyuta, unaona jengo zima, hata fasi ukuta umeinama. Tallon alikufa mwaka 2018, hakuona moto. Kazi yake ilibaki.

Lakini si mashini peke yake. Mwaka 2014 wasanifu wawili, Rémi Fromont na Cédric Trentesaux, walipanda juu na kupima mbao za paa kwa mukono. Michoro yao iliongoza maseremala. Mialoni karibu 2.000 ilikatwa kwa kujenga upya paa na munara.

Na feza? Michango ilipita milioni 800 za euro. Mwaka 2024 waziri wa utamaduni, Rachida Dati, alipendekeza watalii walipe euro 5 kwa kuingia, ili makanisa mengine ya zamani yatengenezwe. Jengo ni la Leta, lakini Kanisa lilikataa: kuingia kubaki bure.

Kwetu Bukavu, majengo ya wakati muji uliitwa Costermansville yangali yamesimama, na watalii wa kuyalipia hawapo. Lakini telefone iko. Piga picha nyingi za jengo moja kila upande, kila picha irudie kidogo ile iliyotangulia. Kuna programu za bure zinazoziunganisha kuwa umbo moja. Ongeza vipimo vya mita. Omba ruhusa kwanza, juu kupiga picha jengo la Leta kunaweza kukuletea matata.

Vipimo havizuii ukuta kuanguka. Lakini bila vipimo, hata feza ikija, watajenga jengo lingine.