Choroko Zikichipua, Mwili Unapata Nini?

Gramu 100 za choroko kavu zina protini gramu 24 hivi. Uzito huohuo wa choroko zilizochipua hadi kutoa mikia mirefu una gramu 3 tu. Protini haikupotea, ni maji yaliyoingia: chipukizi ni maji kwa takriban asilimia 90. Anayetafuta protini basi asizikimbie choroko za kuchemsha, ambazo humpa gramu 7 kwa kila gramu 100, pamoja na foleti na nyuzinyuzi za kutosha.

Faida ya kuchipuza iko kwingine. Punje kavu ina vitamini C kidogo sana, lakini ikishapata maji na kuanza kuota huitengeneza yenyewe. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Harriette Chick na wenzake wa Taasisi ya Lister, London, walionyesha kwamba mbegu za jamii ya kunde zilizochipua hukinga kiseyeye, ugonjwa ambao zile kavu hazikuweza kuuzuia.

Kubwa zaidi kwangu ni madini ya chuma. Choroko, kunde na dengu zina chuma, ila zina pia asidi ya fitiki, ambayo hukishika chuma hicho pamoja na zinki, vikapita tumboni bila kufyonzwa. Mbegu inapochipua, vimeng'enya vyake huanza kuivunja asidi hiyo, na vitamini C iliyozaliwa humo husaidia utumbo kupokea chuma. Kwa mama mjamzito au mtoto mwenye upungufu wa damu, hili si jambo dogo. Ila chai akainywe baadaye, maana ikinywewa pamoja na chakula huzuia chuma kufyonzwa. Wanaolalamika kujaa gesi nao hupata nafuu, kwa kuwa zile sukari zinazochachuka tumboni hupungua mbegu inapozitumia kukua.

Napendelea mkia mfupi. Chagua choroko, toa mawe, osha, loweka usiku kucha. Asubuhi mwaga maji, zifunike kwa kitambaa safi chenye unyevu, uzisuuze asubuhi na jioni. Kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa, baada ya siku moja hivi ncha nyeupe imeshatokeza, nazo bado zina uzito wa chakula.

Kisha uzipike. Joto na unyevu vinavyoamsha mbegu huzalisha pia bakteria. Mwaka 2011 nchini Ujerumani, chipukizi za uwatu zilihusishwa na mlipuko wa E. koli uliowafanya watu zaidi ya 3,000 waugue na kuua zaidi ya 50. Wajawazito, watoto wadogo na wazee wasile mbichi kabisa. Moto hupunguza vitamini C, kwa hiyo zichemke dakika chache tu, zikaive vizuri, na maji yake yabaki kwenye mchuzi.

Wanaoacha mbegu ziote kwenye udongo, wakakata miche ikiwa na majani mawili matatu, hupata kitu kingine: mwanga huyapa majani beta-karotini na vitamini K. Wala kunde zetu za mboga haziko mbali na hapo.

Maharage mekundu yasiingizwe katika mkumbo huu. Yana lektini inayosababisha kutapika na kuharisha, na kuchipua hakuiondoi. Yalowekwe, maji yamwagwe, kisha yachemke kwa nguvu si chini ya dakika 10 kabla ya kuachiwa moto mdogo hadi yaive.