Biriani Gani Hii?

Pilau na biriani ni ndugu, walakini si pacha. Pilau hupikwa yote katika sufuria moja: nyama, kitunguu kilichokaangwa hata kikageuka rangi, bizari nyembamba, karafuu na mchele. Biriani ya kwetu Mombasa ni sufuria mbili. Nyama hulazwa katika mtindi, thomu, tangawizi na papai bichi, nalo papai ndilo limlainishalo hata beberu mzee. Kisha hufuata tungule na kitunguu cha kukaangwa hata likawa rojo. Wali hupikwa kando, hutiwa samli na zafarani, hupaliwa makaa juu.

Nimeyataja haya, msomaji mpenzi, kwa sababu hivi karibuni mpwa wangu aliyerejea kutoka Ghuba alinikirimu katika mkahawa mmoja wa fahari hapa pwani, ambao jina lake nalisitiri. Kadi ya vyakula iliandikwa "Biriani ya Kiswahili kwa zafarani", shilingi 2,800. Ikaletwa sahani pana kama ungo, na katikati yake fungu la wali la kumlisha kinda. Rangi yake ya manjano, na ladha yake manjano tupu. Ua la zafarani hutoa nyuzi 3 tu, ndiyo sababu ya ughali wake. Majumbani wengi wetu twatia rangi ya dukani, bali hatumwambii mgeni kuwa ni zafarani.

Hayo nayasamehe. Lakini kijana aliyetuandalia, mtoto wa Mji wa Kale kwa lafudhi yake, aliinama kama apangusaye meza, akanong'ona: "Mzee wangu, rojo hilo msile. Mpishi hutia mvinyo, asema walainisha nyama."

"Mjomba, umelila?" akauliza mpwa wangu.

Nilikuwa nimeonja wali tu, alhamdulillahi.

Meneja alipoitwa alisema pombe yote huishia motoni. Sisi wa madhehebu ya Imamu Shafi twajua kuwa mvinyo ni najisi, na kuuchemsha hakuutoharishi. Hutoharika ukigeuka siki wenyewe. Kilichogeuka siki pale ni uso wa mpwa wangu.

Mpishi ni mgeni, sina ugomvi naye. Na apike apendavyo, akipe chakula chake jina lake. Lakini neno "Kiswahili" juu ya kadi ni amana. Muislamu akilisoma huamini, haoni haja ya kuuliza kilichomo. Ni wangapi wamekula pale na watoto wao, wakasema bismillahi, wasijue? Na ajabu ni kuwa ajuaye papai bichi lafanya kazi gani ni yule kijana, naye kazi yake ni kubeba sahani.

Kadi ile ile hutaja karanga na maziwa, kwa ajili ya wanaodhurika navyo. Meneja alituahidi kuwa ataongeza mstari mmoja wa mvinyo. Hayo yalikuwa kabla ya Idi. Wiki iliyopita mpwa wangu alipita tena kuitazama kadi, na mstari bado haujaandikwa.