Tuzibe Ufa Kabla Jino Halijauma

Mwananchi wa mwambao na visiwa vya Ziwa Tanganyika anapougua jino, kwanza huvumilia. Hubana karafuu, husukutua maji ya chumvi, na maumivu yakimshinda hupanda mashua kwenda Kigoma mjini. Mara nyingi jino huwa limekwisha kuoza hata mzizi, na tiba iliyobaki ni koleo. Hutoka Kalya au Kagunga na jino, hurejea na pengo.

Sisi tunasema hali hii inazuilika. Uso wa gego una vijifereji vyembamba. Makombo ya chakula na sukari ya chai hujificha humo, vijidudu huyageuza kuwa tindikali, na tindikali hula jino. Mswaki, hata ule wa mti ambao wazee wetu wa Ujiji waliushika kama sunna, haufiki ndani yake. Kinga ni kuviziba mapema kwa saruji ya meno.

Wengi hudhani kazi hiyo ni ya watoto peke yao. Kweli watoto hutangulizwa, kwa kuwa magego yao ndiyo kwanza yameota. Lakini mvuvi wa miaka 30 mwenye gego zima lenye vijifereji vya kina naye hufaidika. Hata hivyo, kizibo hakikingi baina ya meno, wala hakituondolei wajibu wa kupiga mswaki kwa dawa yenye floraidi. Nacho hukaguliwa, kwani huweza kulika.

Wala hili si jambo la matajiri. Katikati ya miaka ya 1980, hapa hapa Tanzania, ilianzishwa mbinu ya kusafisha jino bovu kwa vyombo vya mkono na kuliziba pamoja na vijifereji vyake, bila umeme. Shirika la Afya Duniani liliitangaza mwaka 1994, na mwaka 2021 likaiingiza saruji itumiwayo kwa kazi hiyo katika orodha yake ya dawa muhimu. Iweje mbinu iliyozaliwa nyumbani iwe ngeni vijijini mwetu? Mashua ipelekayo chanjo yaweza kubeba pia kisanduku cha vyombo vya meno.

Kwa hiyo viongozi wa afya wapange siku zinazojulikana za wataalamu wa meno kufika vijijini, na saruji iagizwe pamoja na dawa nyingine za vituo. Nasi wananchi tujitokeze kabla ya maumivu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na jino la mtu mzima likishang'oka, halioti tena.