Baada ya Kiharusi, Mguu Haurudi kwa Kuchuliwa

Mgonjwa wa kiharusi akiruhusiwa hospitalini na kurudishwa Kighare, au kijiji kingine cha milima ya Upare, kikwazo cha kwanza ni njia. Gari linaishia barabarani, nyumba iko juu kwenye mteremko. Vijana humbeba mpaka ndani, akalazwa, na mara nyingi hapo ndipo safari yake inapoishia. Ndugu na majirani humchua mguu asubuhi na jioni kwa mafuta ya moto. Wanafanya hivyo kwa upendo wa kweli. Miezi mitatu baadaye mguu bado hauinuki, tena sasa umekakamaa.

Sababu ni kwamba mguu wenyewe hauumwi. Kilichoumia ni ubongo, baada ya mshipa wa damu kuziba au kupasuka. Upande wa kulia wa ubongo huongoza mguu wa kushoto, na wa kushoto huongoza wa kulia. Kuchua kunalegeza misuli na kumpa mgonjwa faraja, lakini hakufundishi ubongo kitu. Ubongo hujifunza pale mgonjwa mwenyewe anapojaribu: anajikaza asimame, anashindwa, anarudia. Kwa marudio mengi, sehemu zilizosalia nzima huanza kubeba kazi ya zile zilizoumia. Naomba pia tuwe waangalifu na kukanda kwa maji ya moto, kwa kuwa mguu uliopoteza hisia huungua bila mwenyewe kujua.

Zoezi ninalolithamini kuliko yote ni kuinuka kutoka kwenye kiti. Msianze na kigoda cha jikoni, ni kifupi mno. Tafuteni kiti imara, kiegemezeni ukutani, na mkiongeze kimo kwa blanketi lililokunjwa. Mgonjwa asogee ukingoni, avute nyayo nyuma kidogo ya magoti, ainame mbele mpaka pua ipite juu ya vidole vya miguu, ndipo ainuke. Tazameni uzito unakwenda wapi. Karibu kila mgonjwa huuegemeza wote kwenye mguu mzima, na ule dhaifu unabaki kama mgeni. Mguu mzima usogezwe mbele kidogo, ili ule dhaifu ulazimike kufanya kazi. Kushuka kukaa nako kuwe polepole, si kujitupa. Makande huchukua muda mrefu jikoni. Kabla hayajaiva mgonjwa anaweza kuinuka mara kumi, akapumzika, akarudia tena na tena. Akizoea, blanketi liondolewe.

Kitandani anaweza kulala chali, akunje magoti na kuinua makalio. Unyayo usiachwe umeinama kama wa mtu anayechungulia juu ya ukuta, maana misuli ya nyuma ya mguu ikifupika, kisigino hakitagusa chini atakaposimama.

Wengi huniuliza kama bila mashine mtu anaweza kupona. Mwaka 2011 yalitoka matokeo ya utafiti wa Marekani uitwao LEAPS, uliofuatilia wagonjwa 408. Baadhi walifundishwa kutembea juu ya mashine huku mikanda ikiwapunguzia uzito wa mwili. Wengine walifanya mazoezi ya nguvu na ya usawa wa mwili nyumbani mwao, wakisimamiwa na mtaalamu wa fiziotherapia. Baada ya mwaka mmoja, 52% ya wagonjwa wote walikuwa wamepiga hatua katika kutembea, na mashine haikuwazidi wale wa nyumbani. Lakini neno "wakisimamiwa" ni zito. Nchini India, utafiti wa ATTEND wa mwaka 2017, wenye wagonjwa 1,250, uliwafunza ndugu kuendesha tiba ya mazoezi wenyewe nyumbani. Vifo na utegemezi havikupungua. Kwa maoni yangu, ndugu ni mikono ya lazima, ila jicho la mtaalamu lazima lirudi mara kwa mara.

Haraka nayo ina mpaka. Utafiti wa AVERT wa mwaka 2015, wenye wagonjwa 2,104, ulionyesha kwamba kumsimamisha mgonjwa sana ndani ya saa 24 za kwanza kulipunguza nafasi yake ya kupona vizuri. Siku za mwanzo ziwe za vipindi vifupi, kwa ruhusa ya daktari.

Kwa mtu wa mlimani, kutembea ni kupanda na kushuka. Fimbo ishikwe kwa mkono mzima. Akipanda, mguu mzima utangulie. Akishuka, fimbo na mguu dhaifu vitangulie, ili mguu mzima ndio ubebe mwili kila mara. Msaidizi akae upande dhaifu, upande wa chini wa mteremko, amshike kiunoni. Kamwe asimvute kwa mkono uliopooza, bega huteguka kwa urahisi. Akipata kizunguzungu au maumivu ya kifua, asimame hapo hapo. Mguu ukivimba na kuuma, apelekwe hospitali. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa.

Miezi mitatu ya kwanza ndiyo yenye mavuno makubwa, ingawa hata baadaye mguu huendelea kujifunza. Mkoa wetu wa Kilimanjaro unafundisha wataalamu wa fiziotherapia pale hospitali ya KCMC, Moshi. Kwa hiyo kabla mgonjwa wenu hajatoka wodini, ombeni aonwe na mtaalamu huyo, na yule atakayekaa naye nyumbani ayafanye mazoezi mbele yake mpaka asahihishwe. Halafu ulizeni tarehe ya kurudi, muiandike pamoja na ile ya kliniki ya presha.