Starehe ya Mkono Utendao: Ufundi wa Mti katika Nchi ya Nyeri

Katika nchi ya Nyeri, baina ya Mlima Kenya na safu ya Nyandarua, ambako mji mdogo wa Kiganjo umekaa kando ya reli iendayo Nanyuki na kujulikana kote nchini kwa Chuo chake cha Polisi, iko starehe moja isiyosifiwa inavyostahili, nayo ni ile aipatayo mtu anapounda kitu kwa mkono wake mwenyewe. Wengi hudhani kwamba seremala hushika randa kwa ajili ya ujira tu. Walakini mwenye kuzijua desturi za Wagikuyu wa nchi hiyo atakiri kuwa ujira ni sehemu moja, na sehemu iliyo kubwa zaidi ni fahari ya kuona kwamba kitu chema kimetoka mikononi mwake, nacho kinatumiwa na watu anaowajua.

Zamani kazi ya mti ilikuwa faradhi ya kila mwanamume. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha mwaka 1938 juu ya mila za Wagikuyu, ameeleza jinsi nyumba ilivyojengwa: wanaume walileta miti, wanawake wakaleta nyasi za kuezekea, jamaa na jirani wakakusanyika, na ilikuwa sharti nyumba ianzwe na kumalizwa siku ile ile, ili pepo wabaya wasitangulie kuingia kabla ya wenyewe. Kwa hiyo mtu asiyejua kuchonga nguzo alikuwa mzigo kwa wenziwe, na aliyejua alialikwa kila boma, akapewa pombe yake na heshima yake.

Fauka ya nyumba, palikuwa na vyombo vilivyotaka subira. Mzinga wa nyuki, uitwao mwatu, ulichongwa katika gogo la mringa, mti mwepesi usiopasuka upesi. Gogo likatobolewa toka ncha hata ncha, kisha ncha zikazibwa kwa vifuniko vya ubao, ikaachwa nafasi ndogo ya kupitia nyuki. Asali ya mzinga huo ilitiwa katika pombe ya muratina, na pombe hiyo haikukosekana katika mashauri ya mahari. Basi kijana aliyechonga mzinga imara alikuwa ameanza kuitengeneza ndoa yake kabla hajamtaja mchumba. Kigoda cha mzee, ambacho kikalio na miguu yake vilitoka katika kipande kimoja cha mti pasipo msumari wala gundi, kilikuwa alama ya umri na ya neno lenye kusikilizwa. Na kinu cha kutwangia kilikuwa kizito hata wahenga wa huko wakasema, Kamuingi koyaga ndiri, yaani watu wakishikamana, wajapokuwa wachache, hukiinua kinu.

Ustadi huo ulifuatana na adabu kwa mti wenyewe. Mti wa mugumo, uliokuwa mahali pa ibada, haukuguswa na shoka. Na watu walipofyeka msitu ili walime, waliacha mti mkubwa mmoja hapa na mwingine kule, ili roho za miti iliyoangushwa zipate makao. Aliyechonga alijua kwamba anachukua kitu chenye uhai, kwa hiyo aliona haya kukiharibu.

Kisha zikaja shule za misheni, na chuo cha ufundi cha Kabete kilichofunguliwa mwaka 1924, zikaja na msumeno, patasi na randa. Zana zikabadilika, lakini furaha ya kazi haikubadilika. Mwenye karakana leo hununua mbao za saiprasi au za mukima, huzipanga kivulini na kuweka vijiti baina yake ili hewa ipite, maana ajua kuwa ubao mbichi hupinda na viungo vikaachana. Hupitisha randa akifuata nyuzi za mti, akasikia mkononi mahali penye fundo kabla jicho halijapaona. Mkononi mwake hupita kitanda cha maarusi, benchi la kanisa, na hatimaye jeneza la jirani, na kila kimoja hukitengeneza akijua jina la atakayekitumia.

Serikali ilipositisha ukataji wa miti katika misitu ya umma mnamo Februari 2018, amri ambayo kuondolewa kwake kulitangazwa Julai 2023, mafundi walitambua jambo ambalo wazee wao walilijua: kwamba ufundi hauishi pasipo msitu, na msitu haudumu pasipo watu wenye kuuonea huruma. Mti wa mtarakwa, ambao mchwa hawaupendi na harufu yake hukaa katika chumba miaka mingi, hukua polepole mno kuliko tamaa ya binadamu.

Basi shauri langu kwa wasomaji, hususan wakazi wa Kiganjo, Karatina na Nanyuki, ni hili: ukitaka meza, nenda kwa fundi, umweleze haja yako, umpe muda wa kukausha mbao, na umlipe kwa haki. Mwenye mwana amwache akae karakanani wakati wa likizo, ashike patasi na kufundishwa. Na mwenye shamba apande mringa mmoja, ingawa si yeye atakayeuchonga.